Misalaba Mitano ya Chaki

Jumatatu, 23 Mei 1949

Gari la mwokaji mikate wa Toi asubuhi. Breki za nyuma zinalia. Nimefungua. Vumbi tu, vumbi na unga. Nimesafisha, nimepiga msasa, nimefunga. Hakuna kilichoharibika. Nimemchorea duara kila gurudumu, akaenda zake.

Kazi yangu naifanya kama nilivyofundishwa jeshini. Chaki mfukoni. Duara ni zima, msalaba ni bovu. Kule Bama, vitani na Wajapani, gari lenye misalaba mitatu halikutoka kambini hata kapteni apige kelele. Hapa Kibra wazee wote ni askari wa zamani, wanaijua sheria hiyo kuliko wanavyojua bei ya sukari. Nikichora wanatii. Sina kitu kingine hapa duniani ambacho watu wanakitii.

Jioni Rehani amepita na lori lake. Ndugu yangu mdogo, baba mmoja mama mmoja. Amepiga honi mara tatu mbele ya banda langu. Hakusimama. Shati jipya.

Jumanne, 24 Mei

Rehani anaoa.

Mama ameniambia akiwa anasuka tabaga, kifuniko cha chakula, nyekundu na njano, cha harusi. Nilidhani anasuka cha kuuza. Bi harusi ni Mastura, binti wa mfanyabiashara wa ngozi wa mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Watu wa dini, watu wazuri, nyumba ya bati. Harusi Jumapili ya tarehe tano, kabla Ramadhani haijaingia.

Mimi nina miaka thelathini na miwili. Rehani ishirini na sita. Kwetu mkubwa hutangulia. Nimeuliza kwa nini sikungojwa.

"Umengojwa, Marjani," amesema. Hakuinua macho kutoka kwenye ukindu wake.

Sikula.

Alhamisi, 26 Mei

Mvua. Hakuna gari. Nimekaa bandani nikifikiria ng'ombe.

Nilipokuwa Bama nikilala chini ya magari kwenye matope, Rehani alikuwa hapa Makina, mtaani kwetu, akinywa maziwa ya ng'ombe wa baba. Niliporudi niliomba ng'ombe wauzwe nijenge gereji ya kweli, yenye shimo la kusimama chini ya gari na paa lisilovuja. Mama akasema ng'ombe wa marehemu hawauzwi. Sawa. Mwaka uliofuata wakauzwa, Rehani akanunua lori la jeshi kwenye mnada. Na nani alikwenda mnadani kumchagulia? Mimi. Nani alimfundisha kuliendesha, pale uwanjani Laini Saba, akiua injini kila mara kama mtoto? Mimi.

Sasa yeye ana lori, ana bibi, na Mama anamsukia tabaga. Mimi nina gunia la kulalia chini ya magari ya watu.

Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe nilitazame. Sioni aibu. Daftari hili halisomwi na mtu, nalificha chini ya sanduku la spana.

Ijumaa, 27 Mei

Baada ya swala wazee wamepanga safari. Wanawake wa Makina watakwenda Kongo kumchukua bi harusi, wote katika lori la Rehani, ngoma na vyombo na kila kitu. Mama atakaa mbele. Effendi Sebit, mzee wetu ambaye hata msikitini hutembea kama yuko gwaride, ameuliza swali moja tu: "Marjani amelitazama hilo gari?" Kule kuna mteremko wa mto, na kona chini yake kabla ya daraja la mbao. Wote wanaujua.

Nilifurahi kuulizwa hivyo mbele za watu. Furaha haikufika hata mlangoni. Rehani alinifuata nikivaa viatu. "Kaka, nitalileta Jumapili. Nataka duara nne, mambo yaishe."

Anaagiza duara kama anavyoagiza chai.

Jumapili, 29 Mei

Leo nimefanya jambo. Nitaliandika lote, kwanza ukweli, kisha nilichosema.

Rehani amefika na makaa mpaka juu, anatoka Dagoretti, hata hakuona haja ya kushusha mzigo kwanza. Alipokuwa anakata kona kuingia kwangu, usukani umezungushwa wote kulia, nikasikia kitu kinasuguliwa. Sauti ndogo. Mwingine asingesikia. Nikamwambia asimame hapo hapo. Nikaingia chini.

Gurudumu la mbele la kulia. Mpira unaopeleka mafuta ya breki. Tairi linaugusa. Umelika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Lori likiwa tupu springi zinanyanyuka, tairi haliufikii. Likiwa na mzigo springi zinalala, na ukikata kona kali kulia, tairi linauma mpira. Kila kona linauma kidogo. Siku moja utapasuka. Na katika lori hili mafuta yote yanatoka mahali pamoja: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Hiyo siku itakuwa siku ya kona kali na mzigo mkubwa. Mimi najua ni kona ipi.

Hayo ndiyo mabovu ya lori. Hakuna mengine. Makaa yaliposhushwa nikafungua magurudumu yote. Breki za nyuma zina unene wa kutosha mpaka mwaka ujao. Madramu hayana mikwaruzo. Pampu ya mafuta ya breki ni kavu, haivuji hata tone. Breki zinataka kukazwa kidogo na kutolewa upepo, kazi ya asubuhi moja. Mpira mpya, kukaza, basi. Duara tatu, msalaba mmoja.

Rehani alikuwa ameegemea mlango akipiga mluzi. Amepaka mafuta ya nywele. Akaniambia niharakishe, Mama anamngoja wakapime kanzu.

Nikachora msalaba gurudumu la kwanza. Mkono haukusimama. Nikachora la pili, la tatu, la nne. Nikachora na wa tano mlangoni, wa pampu. Nikamwambia breki zote zimekwisha, madramu yamekwisha, pampu imekwisha, vifaa vingine huenda visipatikane mpaka baada ya Idi. Nilisema polepole, kwa huzuni, kama daktari.

Mluzi ulikatika. Nililipenda jambo hilo kuliko kitu chochote mwaka huu.

Jumanne, 31 Mei

Misalaba mitano. Makina nzima inajua. Rehani alijaribu kusema ni chaki tu, lakini kwa nani? Effendi Sebit amesema mke wake hapandi gari la misalaba mitano. Wenzake wamefuata. Mzee mmoja amecheka kwamba lori la Rehani limebatizwa.

Wanasema huenda harusi ikasogezwa mpaka baada ya mwezi mtukufu. Mama amepita kwangu, akasimama. "Ni mabovu kweli yote hayo?" Nimemwambia ndiyo. Nimemwambia usoni.

Nimekula vizuri mchana.

Lakini usiku sikulala. Si kwa majuto, nisijidanganye. Nilikuwa nafikiria Mastura, ambaye sijamwona hata siku moja, na kama ni mrefu.

Jumatano, 1 Juni

Rehani amelichukua lori akaenda nalo Kawangware, kwa Njuguna.

Njuguna huyu ni Mkikuyu, amefanya kazi miaka katika gereji ya Mhindi mjini, sasa ana yake. Ina shimo. Ina paa. Ina ubao wenye maandishi mekundu. Shimo lile nilikwenda kulitazama mwaka jana, nikajifanya napita. Limejengewa matofali pande zote, na lina ngazi. Nilirudi nyumbani nikajilaza kwenye gunia langu nikalitukana.

Sasa ndugu yangu amempelekea yeye kazi yangu. Wivu juu ya wivu. Na hofu kidogo, ndogo kama punje: fundi hodari ataona kwamba minne ni ya uongo.

Alhamisi, 2 Juni

Ameona.

Rehani amerudi asubuhi, honi kutoka Toi mpaka Makina. Njuguna amefungua yote. Amesema: "Hii gari haina shida. Kaza breki, toa hewa, maliza." Halafu akachukua tambara akafuta misalaba. Mitano yote.

Yote, pamoja na ule wa kweli.

Watoto wananiita Fundi Msalaba. Mwokaji mikate amepita, akaniuliza kama kwa lile gari lake pia nilidanganya. Lile lilikuwa zima na nilimwambia ni zima! Nimetaka kumpiga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, amesema, akaenda.

Mchana wote nimefanya hesabu moja. Njuguna alilitazama lori tupu, juu ya shimo lake zuri, magurudumu yamenyooka. Hivyo mpira hauguswi na kitu. Upande ulioliwa unatazama ndani, kwenye matope na grisi. Hata mimi nisingeuona, kama Rehani asingekuja na makaa. Hakuusikia ule msuguano. Niliusikia mimi peke yangu.

Jumapili watapanda wanawake zaidi ya thelathini. Na Mama mbele.

Ijumaa, 3 Juni

Nimejaribu njia ya pembeni. Baada ya swala nimemvuta Rehani kando, nikamwambia atazame mpira wa mbele kulia. Huo tu. Sauti ya kawaida, kana kwamba nimekumbuka.

"Juzi mabovu matano," amesema, "leo moja. Kesho ngapi, kaka?" Alisema kwa sauti ili wengine wasikie. Wakacheka. Hata Effendi Sebit alitabasamu, na yeye meno yake hayaonekani ila kwa daktari.

Nilitakiwa kusema hapo. Neno moja: nilidanganya manne. Lilikuwa mdomoni. Lakini alivyosimama, kanzu mpya, mkono kiunoni, watu wote upande wake kama walivyokuwa upande wake tangu utotoni, nikalimeza. Nikaondoka. Nikajiambia huenda mpira ukastahimili. Mipira mingine hustahimili miezi.

Mimi fundi nimejiambia hivyo.

Jumamosi, 4 Juni

Nimetembea mpaka mteremkoni kuutazama. Mvua imechimba mifereji, kokoto zimelegea. Nimeshuka nikihesabu hatua. Kona ni ya kulia, kali, usukani wote. Chini ni daraja, chini ya daraja mawe. Mwanamke mmoja alikuwa anafua. Akaniuliza nimepoteza nini.

Nimefikiria kutoboa tairi. Analo la akiba. Nimefikiria kuukata mpira wenyewe usiku huu. Wangesema nimeukata kwa wivu. Na wangemwita Njuguna autengeneze, naye angesifiwa. Ona, hata hapa nafikiria Njuguna asisifiwe. Watu thelathini, na mimi nafikiria sifa.

Nyumbani kwa Mama wanapika tangu asubuhi. Wanamwaga rojo la kisra, mkate wetu mwembamba, kwenye kikaango, harufu mpaka kwangu. Doluka imeanza alasiri, wanawake wanapiga ngoma na kuimba majina ya ukoo. Wameimba jina la Rehani. Kisha, kwa desturi, jina la kaka wa bwana harusi. Jina langu. Niliposikia nilikuwa nimekaa bandani, mlango umefungwa, kama mwizi.

Kwa hiyo kesho. Nitasema. Sijui nitasemaje.

Jumapili, 5 Juni

Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi. Wanawake wamekwisha panda, wamejitanda gurbaba, nguo zao za sherehe, za rangi zote, ngoma, vikapu, tabaga zimepangwa. Mama mbele, amejitanda nguo ya kijani. Rehani hakwenda, bwana harusi hungoja nyumbani. Dereva ni rafiki yake. Injini imewashwa.

Nimesimama mbele ya lori.

Dereva alipiga honi. Rehani alipiga kelele. Nikasema kwa sauti, na sauti yangu ilitoka nyembamba, ya aibu: misalaba minne ilikuwa ya uongo. Nilidanganya kwa sababu ya wivu. Nilitaka harusi ivunjike. Njuguna alisema kweli kuhusu minne. Mmoja, wa gurudumu la mbele la kulia, ni wa kweli, na utawaua hapo mtoni.

Ngoma ziliacha moja moja. Ya mwisho iligongwa mara mbili zaidi, mpigaji hakuwa amesikia.

Rehani alinipiga. Kofi moja, la sikio. Sikujikinga. Alipoinua mkono tena Mama akasema kutoka dirishani, bila kupaza sauti, "Mwache aonyeshe."

Nikawaomba wanawake wasishuke. Huo ndio mzigo, wakishuka hakuna cha kuonyesha. Nikamwambia dereva azime injini, azungushe usukani wote kulia. Tairi likageuka. Nikasema sasa mtu yeyote aingie chini atazame. Asinisikilize mimi. Atazame.

Hakuna aliyesogea. Kanzu zote nyeupe, na chini matope ya juma zima. Kisha Effendi Sebit akanipa fimbo yake niishike. Akapiga magoti, akalala chali kwenye matope na kanzu yake ya harusi, mzee yule, akajivuta chini ya lori. Tuliona miguu yake tu. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, kidole chake cha shahada kilikuwa na mafuta. Alikwenda nyuma ya lori, akanyoosha mkono, akamshusha mke wake.

Wengine wakaanza kushuka.

Mama alishuka wa mwisho. Alivua viatu akavishika mkononi. Alipopita kwangu akasimama karibu sana, nikasikia harufu ya udi kwenye nguo yake.

"Juma zima ulijua," amesema.

Akaenda.

Wakaenda kwa miguu. Wanawake wote, vyombo kichwani, ngoma mbele, kutoka Makina kupitia Toi mpaka Kongo, mteremko na daraja, matope mpaka vifundoni. Nilisikia ngoma mpaka zilipopotea. Wamerudi na bi harusi saa kumi, amefunikwa mwavuli, naye anatembea. Wanasema Kawangware nzima ilitoka nje kutazama, na kwamba hakujawahi kuwa na harusi kama hii. Sikutoka kumwona.

Kabla ya hapo nilibaki na Rehani peke yetu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, kanzu imechafuka alipokuwa akinipiga. Niliufungua ule mpira. Nilipoukunja tu, ukakatika mikononi mwangu. Nikampa. Aliuangalia pande zote mbili, akautia mfukoni.

Jumatatu, 6 Juni

Mpira mpya haupo Kibra. Mjini maduka wanasema wiki mbili. Anao Njuguna.

Nimekwenda kwa miguu. Ningeweza kumtuma mtu. Nimekwenda mwenyewe, nadhani kwa sababu nilitaka kuadhibiwa na mtu nisiye na undugu naye.

Alikuwa shimoni. Akatoka, akajifuta mikono, mtu mfupi, mpole, mkubwa kwangu kidogo. Habari ilikuwa imemfikia, wanawake walipita mlangoni kwake wakiimba. Nilimweleza msuguano, mzigo, kona. Alisikiliza kama anayepokea maji ya kunywa. "Mimi nilipima gari tupu," akasema. "Hiyo kosa ni yangu. Magari ya mjini hakuna mzigo, mtu anasahau." Akaweka tambara kando. "Sasa ile misalaba ingine minne ulichora ya nini?"

Nikasema wivu. Mara ya pili kulisema kwa mdomo, na halikuwa rahisi zaidi.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Hata mimi niko na ndugu," akaingia ndani kutafuta mpira.

Akaniuliza kama nataka kushuka shimoni nilione. Nikashuka. Ni zuri. Matofali makavu, mahali pa kuweka taa, mahali pa spana. Unasimama wima chini ya gari. Shingo haiumi. Nimesimama humo dakika nzima nikimhusudu mpaka macho yakauma, na yeye amesimama juu akiniambia nichunge ngazi ya pili, inateleza.

Nimefunga mpira jioni. Nimekisogeza kibano chake pia, tairi lisiufikie tena. Rehani alikuwa ndani na wageni. Funguo nimempa Mama.

Jumanne, 14 Juni

Siku nane, hakuna gari hata moja. Baiskeli moja.

Magari ya Kibra yanapita mbele ya banda yakielekea Kawangware. Nayajua yote kwa sauti. La mwokaji mikate breki zinalia tena, vumbi lile lile. Naujua ugonjwa wake na hawezi kuniuliza.

Hakuna aliyenitukana tangu ile Jumapili. Afadhali wangetukana. Msikitini wanarudisha salamu, wananipisha nafasi ya kusali. Effendi Sebit amenishukuru mbele ya watu kwa kusema, kisha wiki hiyo hiyo akapeleka gari la mkwewe kwa Njuguna. Ana haki. Mtu aliyechora minne kwa uongo anaweza kuchora sita. Na mtu aliyekaa kimya siku saba juu ya mpira uliokatika, ni nani huyo? Nami ningempeleka mkwe wangu kwa Njuguna.

Leo Mastura ameniletea chakula. Mara ya kwanza kumwona uso. Ni mrefu. Ameweka sinia, akafunua tabaga nyekundu na njano, akasema, "Karibu shemeji," na akaniuliza kama banda linavuja. Amejua yote, kila mtu amemweleza, na aliongea nami kama mtu wa kawaida. Nilitaka awe mbaya. Au mjinga, basi. Si mbaya wala si mjinga.

Nimekula chote. Wivu haujaisha. Niliufikiria sana nikidhani labda kusema kungeuua. Haukufa. Umekaa tu, umekunja miguu, unakula na mimi.

Jumamosi, 18 Juni

Rehani amekuja mwenyewe. Lori tupu. Amesimama nje, hakupiga honi.

Anasema linavuta kushoto akifunga breki. Nimemwambia aende kwa Njuguna. Akasema ametoka kwa Njuguna, Njuguna amesema mpelekee yule anayesikia.

Nimefungua. Mafuta ya gurudumu yameingia kwenye breki ya mbele kulia, kidogo. Nimeosha, nimebadilisha kizuizi cha mafuta, nimefunga. Sikugusa chaki. Nilimwita aje chini alale nami kwenye gunia, nikamwonyesha kwa kidole kila kitu, hiki ni kizima, hiki ni kizima, hiki nimebadilisha kwa sababu hii. Alilala pale na shati lake, bega kwa bega nami. Tangu utotoni hatujalala hivyo, tulikuwa na mkeka mmoja.

Akasema Mama anauliza mbona siji kula. Nikasema nitakuja. Akasema, "Usiseme tu."

Jumatano, 22 Juni

Mvua imekwisha. Mwezi wa Ramadhani ukiandama tutaanza kufunga wiki ijayo.

Asubuhi imekuja gari dogo, mtu wa Kilimani, mgeni, hanijui. Anakwenda Mombasa na familia yake, ameambiwa huko njiani breki zake zimekwisha, anataka zote mpya. Mkononi ana orodha ameandikiwa na mtu, ndefu. Watoto wawili nyuma wanatafuna miwa.

Ukiacha lori la Rehani, ndilo gari la kwanza tangu harusi. Kazi ya siku tatu, kama orodha ingefuatwa.

Nimefungua magurudumu yote manne. Nimelipakia mawe mawili makubwa na watoto wake, nikamwambia azungushe usukani kushoto, kulia, wote. Nimesikiliza. Nimepima mafuta. Nimekanyaga pedali mara ishirini. Imechukua asubuhi nzima.

Nimemwambia gari lako halitaki kitu.

Akaniuliza tena. Nikasema hakuna, nenda Mombasa. Aliniangalia, akaangalia banda, gunia, bati lililotoboka. Niliona akilini mwake: fundi wa namna hii atajua nini. Akakunja orodha yake taratibu. Akasema asante, lakini kwa usalama ataenda kwanza kumwuliza yule fundi wa Kawangware mwenye gereji, amesikia ni hodari.

Nikasema ni hodari kweli. Nikatoka naye mpaka barabarani, nikamwonyesha apitie wapi asikwame kwenye matope.